Matanga ya Mtu wa Kitabuni

Wasomaji wangu, mwenzenu nimezoea kuwajia Jumamosi na kicheko mdomoni, na wengi wenu mmeniambia kwamba gazeti hili mnalianzia nyuma ili mnikute kwanza. Leo mkinikuta nimenuna mnisamehe. Jumanne asubuhi nilikuwa kibaruani, pale steshenari ya Mirongo ninapotoa kopi na kupiga picha za pasipoti, nimeshika cheti cha kijana mmoja nataka kukitia kwenye mashine ya laminesheni, simu ikalia. Alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Huyu mama hapigi simu. Hubipu, halafu anakaa anasubiri umrudie. Nilipoona inaita na kuendelea kuita, nikajua kuna jambo. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia kwake, niache kazi nije nyumbani, mgeni wetu amefariki. Nikabaki nimekishika kile cheti. Kijana ananitazama, mimi namtazama. Nikamwuliza yeye, kana kwamba ndiye aliyenipigia, "Amefariki vipi, wakati juzi tumecheka naye?"

Juzi yenyewe ilikuwa Jumapili. Alitupigia kwa video, kama ilivyokuwa kawaida yake tukishatoka kanisani, akatuonyesha nyanya alizootesha kwenye kopo dirishani, na nyuma ya kioo theluji imejaa mpaka kwenye paa la jirani. Mama mwenye nyumba akamwambia nyanya zile kwetu hazifiki sokoni, zinaishia kwa kuku. Alicheka mpaka simu ikamponyoka, tukabaki tunaangalia dari yake. Kesho yake akaanguka jikoni kwake, moyo, na hakuamka tena. Wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu wa kupanda mawe ya Igogo na ndoo mkononi, vijana wa bodaboda wanamsihi apande, yeye anakataa, anasema kilima ndicho daktari wake. Sijui daktari alikuwa wapi siku hiyo.

Safu hii haina desturi ya kutaja watu majina, na sitaanza leo. Niseme tu kwamba alikuwa Mmarekani, mama wa umri wa kustaafu, na kazi yake ilikuwa kuandika riwaya. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ileile ninayopanga mimi, kule juu ambako ukifungua dirisha unaona ziwa na ukifungua mlango unaona jiwe. Alikaa muda mrefu kuliko wageni wanavyokaa, akarudi kwao kumalizia kitabu, na sisi tukaendelea kumwita mgeni ingawa alikuwa anajua bei ya dagaa kunishinda.

Nilifika nyumbani nikakuta mama mwenye nyumba amekaa kwenye ngazi, simu ameiweka mapajani kama mtu aliyeshika kifaranga. Aliyeleta habari alikuwa mpwa wa marehemu, binti wa dada yake, na alikuwa amekata ili apige tena nitakapofika, maana yeye Kiswahili alikuwa na maneno mawili matatu tu ya kamusi na mama hajui Kiingereza. Tukabaki na Kiingereza changu cha kidato cha nne, ambacho alama zake sitaziandika humu gazetini. Yule binti alipopiga, alisema mambo kwa utulivu sana, kama mtu anayesoma ratiba. Hakutakuwa na mazishi. Mwili utachomwa uwe majivu, ndivyo marehemu alivyotaka. Kisha watu watakutana kumkumbuka majira ya maua yakifika, watakapopata likizo. Nikatafsiri. Mama akaniambia nirudie, huenda nimekosea. Nikarudia. Akauliza, hiyo miezi yote wafiwa wanakaa wapi? Nikauliza. Yule binti akajibu kwamba kila mtu anakaa kwake. "Peke yao?" mama akasema. Hilo nililitafsiri kwa maneno mawili tu, na yule binti aliyekuwa mtulivu tukamsikia analia.

Alipotulia ndipo akatuambia jambo la pili, na hili ndilo lililotusumbua wiki nzima. Kitabu cha mwisho cha marehemu, kile alichokiandikia kwetu, kilikuwa kimebakia ukingoni kabisa. Kilikuwa na miisho miwili. Katika mmoja, ulioandikwa wote, mwanamke wa kitabuni anakufa. Katika wa pili, ulioanzishwa tu, mwanamke yuleyule amesimama kwenye foleni asubuhi, hajafa, na hapo maneno yanakoma. Wachapishaji wanataka kujua upi ndio mwisho wenyewe. Marehemu alikuwa amemwambia mpwa wake kwamba jambo hilo atalimaliza na mama wa kule kilimani. Basi binti anaomba kabla ya wiki kwisha tumwambie, alisema nini? Anaishi au anakufa? Mama mwenye nyumba akasema atajibu, lakini msibani hakuna mtu anayejibu akiwa amesimama. Akaingia ndani kutoa mikeka.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa amekwisha kusikia kama anavyosikia kila kitu, alikuja na wasiwasi. Akasema kwa upole kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kule kwa wafiwa wenyewe hakijaanza, sasa sisi tunaanzia wapi? Mama akaendelea kukung'uta mkeka. "Mfiwa ni mimi," akasema. "Nimeanza. Ingia."

Sasa ili mwelewe kwa nini jibu la mama lilikuwa zito, inabidi niwaambie mgeni wetu alikuwa nani, na mimi mwenyewe nimeyajua mengi wiki hii tu, baada ya yeye kufa, jambo linaloniumiza. Magazeti makubwa ya kwao yamemwandika kurasa nzimanzima. Mimi nilidhani ni mwandishi kama mimi, mtu wa kuandika akipata nafasi. Kumbe vile vitabu vyake vitano vinasomeshwa vyuoni. Cha kwanza alikiandika akiwa anafanya usafi maofisini mchana na kufundisha watu wazima jioni, na kilikataliwa na wachapishaji mpaka akaacha kuhesabu. Cha pili kilipata tuzo kubwa, wakamvalisha gauni refu wakampiga picha. Picha hiyo nimeiona, anaonekana kama mtu anayebanwa na kiatu. Cha tatu wasomi walikisifu na watu hawakukinunua. Cha nne watu walikinunua na wasomi wakakikasirikia. Cha tano kilikuwa chembamba kama daftari la shule, na wengine wanasema ndicho bora kupita vyote. Kisha akakaa kimya miaka mingi. Gazeti moja limeandika kwamba katika kipindi hicho cha mwisho mwandishi huyu "alitoweka." Nilisoma neno hilo mara mbili nikitumia kamusi, nikitaka kuwa na hakika. Kutoweka, jamani. Alikuwa Igogo. Alikuwa anaanua nguo mvua ikinyesha, na za kwangu pia.

Kile cha kwanza nimekisoma. Alinipa yeye, na kilinichukua masika yote, kamusi kushoto, kitabu kulia. Kinahusu mji mdogo kando ya mto, wenye kiwanda cha viatu. King'ora cha kiwanda ndicho kinachowaambia watu waamke, wale, walale. Siku kiwanda kinapofungwa, king'ora kinanyamaza, na watu wa mji wanakaa mezani wakitazamana, hawajui kama ni saa ya kula. Mimi sijapata kuiona theluji ila kwenye simu, lakini ukurasa ule niliuelewa kama umeandikiwa watu wa Nyakato. Mama yangu alikuwa akipika chapati nje ya lango la kiwanda kimoja cha huko nilipokuwa mdogo, na alikuwa akisema wa kwanza kujua kiwanda kinakufa si meneja wala gazeti, ni mpika chapati. Unga unaanza kubaki. Hajatangaziwa chochote, ila unga unabaki. Nilipomsimulia mgeni wetu hilo, aliacha kula. Akaniambia angelijua hilo mapema, kitabu kile angeniachia mimi nikiandike. Nilitembea wiki nzima miguu haigusi chini.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya ajabu. Alikuwa anakuja steshenari kuchapisha ukurasa, anaondoka nao, anarudi baada ya kula na ukurasa uleule, neno moja limebadilika. Siku za mwanzo nilidhani mashine yetu ina kasoro na yeye anaona haya kusema. Bosi wangu alimwita mteja wa neno moja. Lakini kipimo chake cha kweli hakikuwa karatasi. Jioni jua likiwa bado lipo, wanawake wa mtaa wakiwa uani kwetu wanachambua mchele au wanasukana, alikuwa anakaa kwenye kigoda anatusimulia alichoandika siku hiyo, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, huku mimi namwokota anapoanguka. Halafu anamtazama mama mwenye nyumba. Mama akiinuka kwenda kufunua sufuria, sehemu hiyo mbaya, anaikata. Sufuria ikianza kuungua na mama hajainuka, sehemu hiyo nzuri, inabaki. Tulikula maharage ya kuungua sana mwaka ule.

Hivyo ndivyo tulivyomjua mwanamke wa kitabuni. Alikuwa mkata minofu katika kiwanda cha samaki, kibarua wa siku, wale wanaosimama langoni alfajiri msimamizi akiwanyooshea kidole, wewe, wewe, na wewe. Tulijua anapendelea kitenge cha rangi gani. Tulijua mume wake ameenda machimboni na hakutuma salamu. Alikuwa na kikohozi cha baridi ya ile sakafu, na wanawake wa mtaa walikuwa wanabishana dawa gani ingemfaa, mmoja akatuma tangawizi iletwe kwa mgeni ampelekee. Sijui alidhani itafikaje, lakini aliituma.

Basi asubuhi moja mgeni wetu akatoka chumbani macho mekundu. Mama mwenye nyumba akamwamkia, akamwuliza ameamkaje. Akajibu, "Amekufa. Alfajiri hii, langoni." Mama hakuuliza nani. Aliweka ufagio chini, akamshika mgeni mkono, akamkalisha. Mimi nilikwenda kazini nikicheka kidogo moyoni, nikijua ni mambo ya vitabu. Niliporudi mchana nikakuta mikeka imetandikwa, uji umepikwa, kuni zimeletwa, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje wakiongea kwa sauti za msibani. Wapo waliojua ni mtu wa kitabuni. Wapo waliosikia tu kwamba mgeni amefiwa, na kwetu hiyo inatosha, mambo mengine unayauliza ukishakaa. Mjumbe alikuwa katikati yao anataka taarifa kamili.

"Marehemu alikuwa mkazi wa wapi?"

"Wa kitabuni," mtu akamjibu.

"Kitabuni ni upande gani, huku Misungwi?"

Wakamweleza. Alifikiri sana. Akauliza, kwa hiyo maiti haipo? Haipo. Na ndugu? Ndugu ndiye yule aliyekaa pale kwenye mkeka, kaishi naye miaka. Mjumbe akamtazama mgeni wetu, mnyonge, uso umemvimba, wanawake wawili wamemwegemea huku na huku. Akavua kofia, akaketi, akaomba chai. Kisha akaja fundi cherehani wa mtaa wa chini, Mzaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, na mtani msibani hana breki. Alikuja analia kwa sauti, ndoo kichwani, anadai urithi. "Marehemu kaacha vitenge vingapi? Au navyo vya karatasi?" Akamgeukia mgeni. "Shemeji, mkono wako mzito. Nasikia hata vile vitabu vyako vingine hakuna aliyetoka salama. Mimi nakuomba usiniandike kabisa, nina watoto wanasoma." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na mgeni wetu alikuwa wa kwanza. Aliniambia baadaye, tukiwa tunaosha vikombe, kwamba ameua watu wengi katika vitabu vyake na hakuna hata mmoja ambaye mtu alimletea yeye uji.

Lakini mama mwenye nyumba alikuwa na lake, na alingoja mikeka ikunjwe. Walikuwa wawili tu uani, na mimi katikati kama mkalimani wa pale maneno yatakapoisha. Akaanza kwa utaratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Mdogo wangu, huyu mtu umemwandika wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini umemwua?"

Mgeni akasema wanawake kama yule ndivyo wanavyokufa, na dunia inapita bila kugeuka. Mama akamwambia amtazame yeye. Yeye amekata minofu miaka, na mabuti yaliyotoboka, mpaka vidole vikawa havitofautishi moto na maji ya barafu. "Mbona nipo? Wanakuja watu na kamera, wanakuja watu na kalamu, wote wanatupenda, sikatai. Na wote wakitufikisha mwisho wanatuua. Hivi sisi tukiishi, kitabu hakinogi?"

Nikadhani mgeni wetu hakuelewa, nikaanza kutafsiri, akanizuia kwa mkono. Ndipo akasimulia, na Kiswahili chake siku hiyo hakikuhitaji kuokotwa. Mama yake alikuwa mshona viatu katika kiwanda kile cha kando ya mto. Kilipofungwa, alivuta kiti dirishani akaketi, na kabla mwaka haujageuka akafa, bila ugonjwa ambao daktari aliweza kuutaja. Gazeti la mji liliandika mashine za kiwanda zimeuzwa wapi na zimesafirishwaje. Mama yake hakupata hata mstari. "Nikiandika kwamba aliishi," akasema, "naona kama nawasaidia wale waliosema hakuna kilichotokea."

Nilivikumbuka vitabu vyote vitano kama alivyotusimulia: mshona viatu, mpika hospitali, mjane wa reli, mwalimu, yule mzee wa kike wa kitabu chembamba. Wote wanawake, na wote hawafiki mwisho. Mama mwenye nyumba, ambaye hajasoma hata kimoja, ndiye aliyelisema.

"Kumbe unamzika mama yako kila kitabu," akasema. "Pole. Hukupata watu wa kukaa nawe."

Hawakubishana tena. Tangu siku ile mgeni wetu alianza kuujaribu mwisho mwingine, na hapo ndipo nilipouona ugumu wa kazi hii ninayoiota. Mtu aliyevalishwa gauni refu kwa ajili ya maneno yake alikaa mbele ya ukurasa mweupe asubuhi nzima, akanywa chai, akapanda kilima, akashuka, akakaa tena. Aliniambia kuandika kifo anajua, ameshafanya mazoezi. Mtu anayeamka kesho yake akaenda kutafuta chakula, hajui anaanzia mguu gani. Aliondoka na ukurasa ule haujajaa. Kwenye simu za Jumapili mama hakumwuliza, na yeye hakusema. Walizungumza nyanya.

Kwa hiyo mnaona tulivyokaa msibani wiki hii. Mtaa mzima ulijua swali la yule binti, na mtaa mzima ulikuwa na jibu. Wanawake walimwambia mama aseme tu anaishi, nani atajua? Tena si kwamba ni uongo, ndiko marehemu alikokuwa anaelekea, na wewe ndiye uliyeomba. Fundi cherehani alisema hata mahakamani shahidi akiwa mmoja na hana mpinzani, kesi imekwisha. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa upande wao. Nilitaka yule mwanamke aishi kama ninavyotaka kupata pumzi. Nilishatunga moyoni sentensi ya Kiingereza nitakayoitumia, nikaifanyia mazoezi njiani, nikajiona nimeokoa mtu.

Alhamisi yule binti akapiga. Mama akaomba simu iwekwe sauti ya nje, watu wote uani wasikie. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akaniambia, "Mwambie hivi, usiongeze chumvi. Mwambie hakusema. Alikuwa anafikiri. Amekufa akiwa bado anafikiri."

Kukawa na manung'uniko kwenye mikeka. Nami nikasita, nikamtazama, nikamwuliza kwa Kiswahili kama ana hakika, kwa sababu neno moja tu lake na yule mwanamke angeishi mpaka mwisho wa dunia, vyuoni, kwenye makabati ya vitabu, kila mahali. Akasema anajua. Akasema hakuna anayetaka hilo kumshinda yeye. "Lakini nimwambie amesema wakati hakusema? Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunitia neno mdomoni. Nami nimtie leo, kwa kuwa hawezi kukataa?" Nikatafsiri. Yule binti akauliza, sasa kitabu wakifanye nini. Mama akajibu bila kufikiri, kwa hiyo najua alikuwa amefikiri tangu Jumanne: waache palepale kalamu ilipoishia. Asimame langoni. Wabeja, akamwambia, kwa Kisukuma, asante, na hilo sikulitafsiri, yule binti alilielewa.

Basi ndivyo kitabu kitakavyotoka, nimeambiwa. Mwanamke amesimama kwenye foleni alfajiri, msimamizi ameinua mkono, na hakuna zaidi. Wapo watakaosema hakijakamilika. Mimi wiki hii nimejifunza kwamba kazi ya mtu aliyekufa haikamilishwi kwa mapenzi yetu, hata yakiwa mapenzi mema, na kwamba heshima nyingine ni kuacha pengo libaki pengo. Nimejifunza pia kwamba unaweza kuwa hodari, ukasomwa mabara yote, na bado ukawa hujapata mtu wa kukuambia pole mpaka uzeeni, kilimani, kwa watu wasiojua kusoma lugha yako. Hilo limenishtua kuliko kifo chenyewe. Enyi mnaofanya kazi za peke yenu, mkishinda mnazungumza na ukurasa au na mashine, tafuteni uani pa kukaa jioni.

Simu ilipokatwa, wanawake walimwonea mama huruma, kama aliyepoteza kesi. Yeye alikuwa anajifunga kilemba upya. Kisha, bila mtu kumwomba, akaanza kusimulia. Kwamba asubuhi moja alisimama langoni vilevile, na msimamizi akanyoosha kidole kwa wa kulia kwake na wa kushoto kwake, akamruka yeye, na lango likafungwa. Mvua inanyesha. Alikaa juu ya jiwe akalia kidogo. Halafu akaona watoto nyumbani hawali kilio, akainuka na mabuti yake akatembea mpaka mwalo wa Kirumba, wanakoshushia samaki, akamwomba mwanamke mmoja asiyemjua amwazime karai la dagaa mpaka jioni. Yule mwanamke alimtazama mabuti, akamwuliza kama amefukuzwa kiwandani. Akasema ndiyo. Akapewa karai.

"Hayo marehemu hakuyajua," nikamwambia. "Mbona hukumsimulia?"

"Aliniuliza kiwanda, nikamjibu kiwanda. Haya ya karai hakuna aliyeniuliza," akasema. "Na wewe usikae unanitazama. Una gazeti. Andika."

Nimeandika.